Anza na Buluu: Nilivyozoea Kusoma Ramani za Zamani za Jangwa la Mojave

Ukiniwekea mezani ramani ya zamani ya Jangwa la Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani, jicho langu halikimbilii milima. Linatafuta buluu. Kiduara kidogo chenye mkia ni chemchemi; kiduara kisicho na mkia ni kisima. Kwenye karatasi ya skeli ya 1:250,000, inayobeba nchi ya kutembea siku kadhaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, alama hizo zinaweza kuwa chache mno hata ukazijua zote kwa majina ndani ya mchana mmoja. Nikishazipata ndipo natazama njia. Njia zikishaeleweka, reli, vibanda na migodi huanza kueleza vyenyewe kwa nini vilikaa pale vilipokaa. Milima naiacha mwisho.

Sikufundishwa hivyo. Darasani tulianza na kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja: hapa zimebanana, mteremko mkali, hapa zimeachana, tambarare, hapa zimejikunja kama herufi V, bonde. Kwa nchi yenye mvua mpangilio huo unafaa, kwa sababu ukishalijua bonde umeshayajua maji. Jangwani mabonde yako mia na yote ni makavu, na umbo la ardhi peke yake halikwambii mtu alipita wapi wala kwa nini.

Ramani hizi ziliingia maishani mwangu kupitia kazi. Nilipewa jukumu la kuoanisha karatasi za zamani na ramani za sasa kwenye kompyuta, ili watu wanaofuatilia chemchemi zilizosahaulika wawe na mahali pa kuanzia. Karatasi zenyewe hazikuwa shida kupatikana. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, iliyoanzishwa mwaka 1879, imechanganua mkusanyiko wake wa ramani za topografia, yaani za umbo la ardhi, za kuanzia mwaka 1884 hadi 2006, zaidi ya karatasi 178,000, na mtu yeyote anaweza kuzipakua bure. Shida ilikuwa kuzisoma. Nilikuwa na matoleo kadhaa ya mahali pale pale, na kila moja lilikuwa linasema jambo tofauti kwa sauti ya uhakika ile ile.

Kilichonifungua macho ni njia. Chukua eneo la mashariki mwa Mojave, kati ya Mto Colorado na lile ziwa kavu linaloitwa Soda Lake. Katika ramani za mwanzoni mwa karne ya 20 kuna njia inayokatiza kutoka mashariki kwenda magharibi, na ukiifuata kwa kidole inakusumbua. Haiendi moja kwa moja. Inapanda mahali ambapo ingeweza kuzunguka, inaacha tambarare nzuri na kuingia kwenye miamba, inatoka, inapinda tena. Ukiitazama kwa macho ya mtu wa gari utasema aliyeichonga alikuwa mlevi. Kisha unaona buluu: Piute Spring, Rock Spring, Marl Springs, Soda Springs. Kila kona ina maji. Njia ile si mstari unaounganisha miji miwili, ni mnyororo wa vituo vya kunywa, vilivyoachana kwa mwendo wa siku moja au karibu na hapo kwa mtu mwenye wanyama.

Nayo haikuchongwa na serikali, ingawa baadhi ya ramani zinaiita njia ya serikali. Ilikuwa njia ya miguu ya Wamohave, wenyeji wa Mto Colorado, na watu wengine wa eneo hilo waliokuwa wakienda pwani kufanya biashara. Francisco Garcés, padri wa Kihispania, aliongozwa juu yake mwaka 1776. Jedediah Smith, Mmarekani mtega wanyama wa manyoya, akapita mwaka 1826. Mwaka 1857 Edward Beale alifika Mto Colorado akiwa na ngamia, katika jaribio la jeshi la Marekani la kutumia wanyama hao. Miaka ya 1860 jeshi likaweka vituo vidogo penye zile chemchemi, si kwa sababu pale palikuwa na cha kulinda zaidi ya maji, bali kwa sababu mwenye maji ndiye mwenye njia. Mpimaji alipokuja na vifaa vyake miongo kadhaa baadaye, alichora kitu ambacho tayari kilikuwa kizee.

Sasa shuka kusini kwenye karatasi hiyo hiyo, au ile inayofuata, uone reli. Ilifika Needles, ukingoni mwa Mto Colorado, mwaka 1883. Reli haijali chemchemi. Inajali mteremko, maana treni haipandi ovyo, na maji inaweza kuyabeba yenyewe kwenye mabehewa ya matangi. Kwa hiyo inapita mbali na ile njia ya zamani, katika mabonde mapana na makavu kabisa, na vituo vyake vimepangwa kwa vipimo. Soma majina yake kutoka magharibi kwenda mashariki: Amboy, Bristol, Cadiz, Danby, Edson ambayo baadaye iliitwa Essex, Fenner, Goffs. A, B, C, D, E, F, G. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu. Hayo ni majina yaliyotolewa na mtu aliyeketi na orodha, mahali ambapo hapakuwa na chemchemi ya kuazima jina lake. Linganisha na upande wa kaskazini, ambako karibu kila jina limeng'ang'ania mwamba, mmea au maji.

Mstari wa tatu ni barabara ya magari. Route 66, iliyopewa namba hiyo mwaka 1926, iliifuata reli kwa sababu karibu na reli ndiko kulikokuwa na maji ya kuletwa, mafuta na watu. Kisha ikaja barabara kuu ya mwendokasi, I-40, ambayo mwaka 1973 ilikatiza kaskazini zaidi na kuiacha Amboy pembeni. Gari la kisasa halihitaji kitu chochote kutoka kwenye ardhi linayopita. Ukiweka matoleo haya moja juu ya jingine unaona jambo ambalo hakuna hata karatasi moja inayolisema peke yake: kila mstari mpya ni mnyoofu kuliko uliotangulia, na kila mstari mpya unayategemea maji ya jangwa kidogo kuliko uliotangulia. Na kadiri njia zinavyoyaacha maji, ramani nayo huanza kuyasahau. Njia iliyokuwa na mistari miwili inakuwa na mmoja wa vipande vipande. Neno la kisima linachapwa kwa herufi ndogo zaidi. Kibanda kando yake kinafutika. Chemchemi yenyewe inabaki, maana maji hayajui kama ramani imechapwa upya, lakini hakuna tena mstari unaokupeleka.

Kwa hiyo ninapotafuta maji leo, mara nyingi situmii ramani mpya na sahihi zaidi. Natafuta toleo la wakati ambapo kosa la maji lilikuwa linaua. Watu wa zama hizo walilijua hilo vizuri. Mwaka 1909 Walter Mendenhall, ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa USGS, alichapisha taarifa kuhusu mahali pa maji katika jangwa la kusini-mashariki mwa California na kusini-magharibi mwa Nevada, ikieleza kisima kwa kisima na chemchemi kwa chemchemi. Mwaka 1916 Bunge la Marekani likaruhusu dola 10,000 zitumike kutafuta na kuweka alama kwenye mahali pa maji jangwani, na ndani ya miaka michache mabango yakasimamishwa njiani huko California na Arizona kuonyesha maji yako upande gani na umbali gani. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa taarifa za miaka ya 1920, ikiwemo ile nene ya David Thompson ya mwaka 1929 kuhusu eneo zima la Mojave. Ramani bila taarifa hizo ni nusu ya habari. Kiduara cha buluu kinakwambia kuna kisima. Taarifa inakwambia kina futi ngapi, kama ndoo ipo au uje na kamba yako, na kama maji yake ni ya chumvi kiasi kwamba farasi atayakataa.

Mtu akiniuliza aanze na kipi, humwambia azifungue zote mbili pamoja, ramani kulia, taarifa kushoto. Inachosha, lakini mwenye haraka na jangwa hawapatani.

Nirudi kwenye pembezoni mwa karatasi, mahali ambapo wasomaji wengi hawapatazami. Chini ya ramani huwa kuna miaka miwili au mitatu, na kazi yake ni tofauti. Upo mwaka wa upimaji, yaani mtu alipokuwa kule juani. Upo mwaka wa toleo. Na upo mwaka wa kuchapwa tena, ambao unaweza kuwa miongo mitatu baadaye bila kitu chochote kubadilishwa ndani. Karatasi iliyochapwa wakati wa Vita Kuu ya Pili inaweza kuwa inaonyesha migodi ya mwaka 1906 ikiwa hai, na miji ambayo wakati wa kuchapwa ilikuwa imebaki kuta. Rhyolite, kule Nevada, ulianzishwa mwaka 1904 kwa ajili ya dhahabu, ukapata reli na majengo ya zege, na kabla ya muongo uliofuata kwisha karibu watu wote walikuwa wameondoka. Ramani haidanganyi inapouonyesha, ila imeganda. Mimi huandika mwaka wa upimaji kwa penseli nyekundu juu kabisa, na mwaka wa kuchapwa naupuuza isipokuwa kama nataka kujua nani alikuwa akiitumia.

Kwenye karatasi za miaka ya 1970 hivi kuna jambo jingine la kuangalia: zambarau. Hiyo ni rangi ya marekebisho yaliyofanywa kutoka kwenye picha za anga bila mtu kurudi kukagua ardhini. Zambarau ni habari mpya zilizowekwa juu ya habari za zamani, kwa hiyo karatasi moja inakuwa na umri mbili kwa wakati mmoja. Barabara ya zambarau inaaminika. Imeonekana kutoka juu. Lakini usidhani kwamba kisima kilichoko kando yake kimekaguliwa mwaka huo huo.

Kontua nazo zina hadithi yake. Kwenye karatasi za zamani mpimaji alitumia meza ya kupimia: ubao juu ya miguu mitatu, karatasi juu ya ubao, na darubini iliyopachikwa kwenye rula. Alipanda kilele, akalenga vilele vingine ambavyo mahali pake palishajulikana kwa upimaji wa pembetatu, akajua amesimama wapi, kisha akaanza kulenga vitu: mdomo wa korongo, kona ya mwamba, kibanda, mti wa pekee. Umbali na vimo vya nukta hizo alivikokotoa. Kati ya nukta na nukta alichora kontua kwa jicho, akiwa amesimama pale pale, huku akiitazama ardhi anayoichora. Wengi wao walikuwa mafundi wa hali ya juu. Ukiliona korongo walilolitazama ana kwa ana utadhani limepigwa picha.

Ila kile ambacho hawakukiona hawakuweza kukichora, na hapo ndipo kusoma kunapoanza kuwa na utamu. Nyuma ya ukuta wa mlima, upande ambao kilele cha mpimaji hakiufikii, kontua hulainika ghafla. Zinapita sambamba, zimepangika kama shuka lililonyooshwa, ilhali hatua mbili upande wa pili zimejaa mikunjo. Ardhi haibadiliki tabia namna hiyo kwenye mstari wa kilele. Aliyebadilika ni mchoraji: alikuwa anakisia, tena kwa akili. Siku hizi kuna njia rahisi ya kulithibitisha. Natafuta pembetatu ndogo zenye nukta katikati, alama za vituo vya upimaji, naziweka kwenye programu ya kompyuta yenye data za vimo za sasa, na kuiomba inipakie rangi kila mahali panapoonekana kutoka kwenye vituo hivyo. Kisha naweka ramani ya zamani juu yake. Mara nyingi sehemu ambazo hazikupata rangi ndizo zile zile ambazo kontua zake zimelala. Ni jambo linalonifurahisha kila mara, kwa sababu kwa dakika chache najua mtu aliyekwisha kufa alisimama wapi na akageuka upande gani.

Umbali kati ya kontua na kontua nao unaficha vitu. Chukua Kreta ya Amboy, volkano ndogo yenye kimo cha futi 250 hivi juu ya tambarare, ambayo dereva yeyote anayepita Route 66 anaiona bila kutafuta. Kwenye ramani yenye kontua za kila futi 100 kitu hicho kinapata pete mbili au tatu, na shimo lake la juu linaweza lisionekane kabisa isipokuwa mchoraji aongeze vijistari vifupi vya kuonyesha kwamba ndani ni chini. Mwamba wa futi 60, ambao kwa mtu mwenye mikokoteni ni ukuta, unaweza kukaa katikati ya kontua mbili bila kuacha alama. Ndiyo maana njia inayopinda mahali ambapo kontua zinaonyesha hakuna kizuizi naiamini kuliko kontua. Nyumbu hakupinda bure.

Baadaye zikaja picha za anga, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, na karatasi za dakika 15 (kila moja inabeba robo ya digrii ya latitudo na longitudo) kwa skeli ya 1:62,500, kisha za dakika 7.5 kwa skeli ya 1:24,000. Umbo la ardhi likawa sahihi kupita kiasi ambacho mtu wa meza ya kupimia angekiota. Hata hivyo, picha ya anga ni shahidi mzuri wa milima na shahidi wa mashaka kuhusu maji. Chemchemi iliyojificha chini ya mwamba, yenye beseni la ukubwa wa karai, haionekani kutoka juu isipokuwa kwa mimea iliyoizunguka. Hiyo ilibaki kazi ya mtu wa kwenda kuangalia kwa macho.

Nimesema naanza na buluu, lakini buluu yenyewe ina mitego. Bristol Lake, Cadiz Lake, Danby Lake, Soda Lake, Silver Lake: majina yote hayo yanaitwa maziwa na yote ni sakafu za chumvi na tope lililokauka. Wachoraji waliyazungushia mstari wa buluu uliokatikakatika na kuyatia vidoa, na ufunguo unaeleza kwamba maji huja kwa msimu. Neno msimu ni la kistaarabu mno hapa. Mto Mojave, unaoanzia kwenye milima ya San Bernardino na kutiririka kuelekea ndani ya jangwa badala ya baharini, hupita sehemu kubwa ya safari yake chini ya mchanga. Kwenye ramani unaonekana kama mstari wa vipande na nukta, isipokuwa mahali kama Afton Canyon ambapo mwamba huyasukuma maji hadi juu. Miaka mingi inaweza kupita bila tone kufika Silver Lake. Halafu inakuja mvua kubwa, na ziwa linakuwa ziwa kweli.

Reli ya Tonopah and Tidewater ililipata somo hilo vizuri. Ilijengwa juu ya sakafu ya Silver Lake, ambayo ni tambarare kiasi kwamba hakuna mhandisi angeikataa. Mwaka 1916 mafuriko ya Mto Mojave yakaijaza, na reli ikalazimika kuhamishwa upande wa mashariki. Kwa msomaji wa ramani ni ushahidi wa wazi: mstari wa reli unaokuja umenyooka kutoka kusini, kisha bila kilima wala korongo unaliambaa ziwa kavu kwa adabu. Reli yenyewe iliacha kufanya kazi mwaka 1940. Mpindo wake umebaki kwenye ramani kama kumbukumbu ya maji ambayo siku nyingi za mwaka hayapo.

Mfano mkubwa kuliko wote uko kusini zaidi, kwenye bonde la Salton, nje ya Mojave lakini ndani ya kazi hiyo hiyo. Ramani zilizopimwa kabla ya mwaka 1905 zinaonyesha shimo kubwa kavu lililo chini ya usawa wa bahari, reli ikipita ndani yake, na mahali pa kuvunia chumvi. Mwaka huo Mto Colorado ulipenya kwenye mfereji wa umwagiliaji na kuanza kumimina humo. Haukuzibwa hadi Februari 1907, kwa mabehewa na mabehewa ya mawe. Kufikia wakati huo chumvi ilikuwa imezama, reli imehamishwa zaidi ya mara moja, na Salton Sea ilikuwa imezaliwa. Mtu anayeshika karatasi ya mwaka 1904 na ile ya miaka michache baadaye hana haja ya kuambiwa kilichotokea.

Kinachonivutia pale, hata hivyo, si ziwa jipya. Ni kontua ya futi 40 juu ya usawa wa bahari. Ifuate kwa kalamu kuzunguka bonde lote. Inapita kwenye mstari wa mchanga na changarawe uliolala sawasawa kwa maili nyingi, na upande wa magharibi inagusa miamba iliyopakwa ganda la rangi ya udongo, la chokaa iliyoganda kutoka majini, hadi kimo hicho na si zaidi. Huo ni ufuko wa ziwa la kale, Cahuilla, ambalo mto huo huo ulilijaza na kuliacha likauke mara nyingi kabla mtu yeyote hajachimba mfereji. William Blake, mwanajiolojia wa msafara wa upimaji wa reli, aliutambua ufuko huo mwaka 1853. Wacahuilla, wenyeji wa bonde hilo, walikuwa wanaujua kabla yake. Chini ya ufuko, upande wa magharibi, kuna safu za mawe yaliyopangwa kuwa mitego ya samaki, safu chini ya safu, kila moja ikifuata maji yalivyokuwa yanashuka. Ziwa lilipokauka walichimba visima vya kuingia kwa kutembea, vyenye mteremko hadi penye maji. Ramani za topografia zinakupa kontua. Mitego na visima hivyo kwa kawaida hazikupi.

Na hilo ni pengo lililoenea kwenye karatasi zote hizi. Wapimaji waliongozwa na wenyeji, walikunywa kwenye chemchemi za wenyeji, wakaandika majina ya wachimba madini. Kule Furnace Creek, katika Death Valley, Watimbisha wa taifa la Shoshone waliishi kabla ya ramani ya kwanza na bado wanaishi, na sheria ya kuwarudishia sehemu ya ardhi yao ilipitishwa mwaka 2000 tu. Ukiona kwenye ramani ya zamani njia ya miguu inayopanda kutoka bondeni penye joto hadi milimani na haiendi kwenye mgodi wowote, jiulize ni nani aliyekuwa na sababu ya kupanda pale kila kiangazi.

Jambo la mwisho ni la kiufundi na nitalipitia haraka, ingawa ndilo linalowapoteza wengi wenye simu. Ramani nyingi za karne ya 20 zimejengwa juu ya datamu, yaani msingi wa kupimia mahali, inayoitwa NAD27, iliyofungwa kwenye kituo cha Meades Ranch huko Kansas. Vifaa vya GPS vinatumia mfumo mwingine. Kwa latitudo na longitudo, tofauti katika Mojave ni kama mita 80 kwenda upande wa mashariki au magharibi. Tambarareni hiyo si kitu. Ndani ya korongo lenye kuta, mita 80 ni upande wa pili wa ukuta. Badilisha mpangilio wa kifaa chako uendane na ramani, au uache programu ikufanyie hesabu, lakini usisome namba kutoka karatasi moja na kuzitembelea kwenye mfumo mwingine.

Hivi sasa nina chemchemi moja inayoninyima raha. Karatasi ya dakika 15 inaiweka ukingo wa kusini wa korongo, ya dakika 7.5 inaiweka ukingo wa kaskazini, na datamu haiwezi kulaumiwa kwa sababu zote mbili ni NAD27. Kwenye ile ya zamani kuna njia inayopanda hadi kwenye alama yenyewe. Kwenye ile ya baadaye njia inaishia mdomoni mwa korongo. Mwenzangu anaamini ile mpya, kwa sababu miamba yake imechorwa vizuri zaidi. Mimi naegemea ya zamani, kwa sababu ya njia. Tumeagiza picha za anga za miaka ya 1950 tuone mimea iko upande gani, na joto likishuka mwezi wa Novemba tutapanda wenyewe, maji yetu tukiwa tumeyabeba mgongoni.